Mdomo Ambao Sikuufungua

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, nikalikosea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya mifugo ya wilaya pale Machakos mjini. Nilikuwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na cheti changu cha msaidizi wa afya ya mifugo kilikuwa ndani ya bahasha kubwa kwa sababu mama alinikataza kukikunja. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Daktari wa Wilaya, hakukitazama hicho cheti. Alinikagua kwa juu ya miwani akauliza, "Ng'ombe ana meno mangapi ya mbele, juu?"

"Manane," nikajibu bila hata kumeza mate.

Ofisi nzima ilicheka, mpaka karani akaacha kupiga taipu. Ng'ombe hana jino la mbele juu hata moja. Yale manane yako chini, na juu kuna ufizi mgumu tu wa kukandamizia majani. Mimi nimezaliwa Kalama, nimekamua ng'ombe tangu nikiwa sijaanza shule, na kumbe sikuwa nimewahi kumwangalia ng'ombe mdomoni. Niliona haya nikatamani kurudi nyumbani na bahasha yangu.

Daktari wa Wilaya hakunifukuza. Alinipeleka soko la mifugo siku hiyohiyo, tukashinda huko tukifungua mbuzi midomo. Alinionyesha meno ya maziwa, yale madogo ya mwanzo, na jinsi mbuzi anavyoyabadilisha jozi kwa jozi, ya katikati kwanza, mpaka jozi nne zikamilike na mdomo uwe umejaa. Muuzaji atakuapia kwamba mbuzi wake ni mchanga, lakini meno hayaapi. Ndiyo maana pale sokoni kila mtu alikuwa anafungua mdomo wa mbuzi, hata yule ambaye hakuwa na nia ya kununua. Mbuzi mmoja angefunguliwa na watu ishirini kabla ya saa sita, maskini, mpaka anazoea.

Mzee huyo alikuwa na tabia moja ambayo vijana wa ofisini waliifanyia mzaha. Alitembea na mswaki kwenye mfuko wa shati, karibu na kalamu. Akimaliza chakula cha mchana huyo yuko kwa mfereji, anapiga mswaki huku anatoa amri, nasi tunajifunza kuelewa maneno yenye povu. Nilimheshimu sana. Lakini katika mafunzo yake yote ya meno, hakuwahi kutaja mbwa wala paka, nami sikuwahi kuuliza.

Nilianzia Kyumbi, kukagua nyama ya wachinjaji wa kando ya barabara. Mbwa wa Kyumbi waliishi kwa mifupa ya nyama choma, na nusu yao walikuwa wamevunjika meno. Niliwaona kila siku nikapita. Baada ya hapo nikahamishiwa Muthetheni, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo lilinifunza kazi kuliko chuo.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyeitwa Syombua, umri wake kama wa mama yangu, kwa hivyo nilimwita mwaitu, yaani mama. Siku za soko aliuza uji wa wimbi na mtama, na hakuna aliyekwenda Muthetheni akarudi bila kuunywa. Alikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Sajini. Alimpa jina hilo kwa sababu siku ya soko mbwa alitangulia mbele yake, kichwa juu, akikagua watu waliosimama kando ya njia.

Wakati huo kichaa cha mbwa kilikuwa kimeshatokea kijiji cha pili, na watu walikuwa wamejaa hofu. Kichaa si mchezo, vijana wangu. Mbwa mwenye kichaa akikuuma, na usipokimbilia sindano mapema, hakuna dawa itakayokurudisha. Chuoni tulifundishwa dalili: taya linalegea, mate yanamwagika, mnyama hawezi kumeza, anakuwa mwingine. Basi siku moja chifu akaniita haraka nyumbani kwa Syombua. Nilimkuta Sajini amejibanza karibu na ghala, mdomo wazi, mate yananing'inia mpaka chini, anajipangusa uso na miguu ya mbele na kunguruma kila mtu akisogea.

Nilisimama hatua kumi, chini ya mti. Nilitazama kwa muda ambao sasa naona ulikuwa mfupi sana. Kisha nikamwambia askari wa utawala apige risasi. Syombua alisema Sajini alikuwa mzima jana asubuhi, lakini sikumsikiliza, maana watu walikuwa wengi na chifu alikuwa ananiangalia.

Sheria ya kazi ilitaka kichwa cha mbwa anayeshukiwa kipelekwe maabara Kabete kwenye sanduku la barafu. Nikavaa glavu ngumu nikaanza kukitayarisha, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikautazama ule mdomo kwa ndani. Kipande cha mfupa wa mbuzi, urefu wa kidole, kilikuwa kimekwama kwa upana kwenye kaakaa, kimebanwa kati ya magego ya kushoto na ya kulia. Ufizi ulikuwa umechimbika. Mbwa hakuweza kufunga mdomo, hakuweza kumeza, na alikuwa anajipangusa uso ili akitoe. Niliketi juu ya jiwe nikalia, na askari akadhani nimeingiwa na hofu ya ugonjwa.

Lile sanduku lilipanda basi, basi likaharibika njiani, barafu ikayeyuka. Maabara walijibu kwamba kichwa kilifika kimeoza na hakiwezi kupimwa. Nilikwenda kwa Daktari wa Wilaya nikamweleza habari ya mfupa. Alikuwa kwa mfereji na mswaki wake. Alitema maji akasema, "Nduku, mfupa haumzuii mbwa kuwa na kichaa. Huna jibu la maabara. Andika kichaa, kwa dalili." Kitaaluma hakukosea sana. Lakini mimi nilijua nilichokiona, na nikaandika hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa nimethibitishwa kazini na niliogopa.

Nilirudi kwa Syombua peke yangu nikamwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta wimbi. Kisha akasema maneno ambayo ningeweza kuyasema usingizini: "Mbuzi ya soko mnafungua mdomo nyinyi wote, hata ile hamnunui. Sajini amelala kwa mlango yangu miaka sita. Hakuna mtu alimfungua." Akaongeza, "Sasa umeniambia mimi. Na hao wengine?"

Hao wengine sikuwaambia. Matokeo yake yalimwangukia yeye. Yeye mwenyewe alichomwa sindano za kinga, na chifu akatoa amri kwamba mbwa yeyote atakayemfuga tena afungwe mnyororo mchana na usiku. Siku za soko watu walipita mbele ya sufuria yake wakiangalia upande mwingine. Nani anywe uji kutoka nyumba yenye mate ya kichaa? Boma lake likapata jina. Unajua sisi huku Ukambani tunavyoita mahali: Kwa fulani, Kwa fulani. Basi kwake kukawa Kwa Kichaa. Hata watoto wakitumwa waliambiwa, pita Kwa Kichaa, kata kushoto. Niliposikia hivyo nilikuwa nageuza pikipiki upande wa pili.

Nikahamishwa kurudi mjini, na sikukataa. Lakini tangu siku ile sikumpita mbwa wala paka bila kutaka kuona meno yake. Wa kwanza kunufaika alikuwa paka wa Bi Zainabu, mama mmoja ambaye babu zake walitoka Pwani, aliyekuwa na duka la viungo mjini. Paka wake, Sultani, alikuwa ameacha kushika panya. "Amenuna tu, mwanangu," Bi Zainabu aliniambia, "namtilia maziwa ananitazama kama nimemkosea." Nilimfunga Sultani kwenye taulo, kichwa tu kikabaki nje, nikamfungua mdomo. Harufu iliyotoka ilitufanya sote wawili tugeuze shingo.

Ilikuwa ni ukoga. Ukoga ni ule uchafu wa chakula unaobaki kwenye jino, mwanzo ni laini, ukiachwa unaganda kuwa mgumu na wa manjano, kama ile chokaa inayoganda ndani ya sufuria ya maji ya kisima. Chini yake vijidudu vinakula ufizi polepole, ufizi unakuwa mwekundu, jino linaanza kucheza, usaha unaingia. Usaha huo haukai mdomoni tu, unaweza kuingia kwenye damu ukafika figo na moyo. Na mnyama halalamiki. Atatafuna upande mmoja, atadondosha chakula, atatikisa kichwa, atakuwa mkali bila sababu, nawe utasema amenuna.

Nilimkwangua Sultani ule ukoga na kumng'oa meno mawili yaliyokuwa yanacheza. Wiki ya pili Bi Zainabu alileta ofisini habari za panya watatu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba paka akizoeshwa anakubali kusuguliwa meno kwa kitambaa safi chenye maji, kimezungushwa kidoleni, taratibu, huku unamwimbia. Kuimba si lazima, lakini nimejaribu na kunasaidia. Nilimwonya asitumie dawa ya meno ya watu, kwa sababu paka na mbwa hawatemi, wanameza yote.

Habari zikaenea. Daktari wa meno wa watu, pale hospitalini, alinipa koleo zake kuukuu na kunifundisha kwamba jino halivutwi tu kwa nguvu, unalilegeza kwanza mpaka lenyewe likubali. Ofisini wakaanza kuniita Mama Meno. Niliomba fedha za kununulia vifaa vya meno ya wanyama wa nyumbani, na Daktari wa Wilaya akanirudishia barua kwa maneno aliyoandika pembeni kwa mkono wake: "Serikali haina fungu la mswaki wa mbwa." Nilicheka nikaibandika ukutani. Nilipopelekwa Kalama, nyumbani kwetu, nilikuwa nachanja ng'ombe na kusimamia majosho, na mwisho wa kila ziara naomba kumwona mbwa wa boma. Wazee walinishangaa. Niliwaeleza kwamba mfupa uliopikwa unapasuka na kuchoma, kwamba mbwa anayetafuna mawe na vyuma anavunja meno, na kwamba mkono mtupu usiingie kamwe katika mdomo unaotoa mate. Wengine walisikia. Wengine waliniambia nikatafute bwana.

Miaka kumi hivi ilipita. Kisha barua ya uhamisho ikaja: Muthetheni. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kumwonyesha mtu.

Sikuwa nimemaliza hata wiki, nikaitwa. Mbwa anatoa mate, mbwa ni mkali, mbwa amemrukia mzee wa kijiji. Nikauliza ni wapi, na kijana aliyetumwa akajibu kama mtu anayetaja jina la kawaida, "Kwa Kichaa."

Nilikuta watu wapata thelathini nje ya ua, wengine na mapanga, wengine na mawe. Askari alikuwa ameshafika na bunduki. Mzee wa kijiji alionyesha suruali iliyochanika kuanzia goti, na nilimkagua mguu mara mbili kuhakikisha ngozi haikuguswa. Haikuguswa, ila suruali ilikuwa ya kanisani na hilo lilimuuma zaidi. Katikati ya lango alisimama Syombua, amezeeka, mikono kiunoni. Nyuma yake, kwenye mnyororo, alikuwepo mbwa mweusi aliyevimba upande mmoja wa pua, mate yenye damu yakimtoka.

Syombua aliponitambua hakunisalimu. Alisema, "Hii mbwa nimefungua mdomo kila Jumapili tangu ilikuwa ndogo, kama mbuzi ya soko. Ile chonge ya juu, ya kushoto, ilivunjika kwa mnyororo. Sasa imeoza. Wewe utaangalia leo, ama utasimama tena kwa mti?"

Aiya. Nilijiangalia, na kweli nilikuwa nimesimama chini ya ule mti.

Nilisogea. Sikuweka mkono, maana bado inawezekana mbwa akawa na jino bovu na kichaa pamoja, hapo Daktari wa Wilaya alisema kweli. Nilichukua bakuli la maji nikalisukuma kwa fimbo ndefu. Mbwa akalinusa, akainamisha kichwa upande, akanywa kwa upande wa kulia wa mdomo, na akameza. Aliponyanyua mdomo niliona ile chonge, nyeusi, nusu yake haipo. Alikuwa akitafuna chuma cha mnyororo miaka yote hiyo, mnyororo uliowekwa kwa amri iliyotokana na karatasi yangu. Kosa langu lilikuwa limezaa jingine, na sasa lote lilikuwa mbele yangu.

Naibu wa chifu alitaka tumalize mambo. Nilimwambia kanuni ni siku kumi: mbwa afungwe ndani ya ua imara, mtu asimguse, na kama ana kichaa hatavuka siku hizo. Akaniuliza nani atabeba lawama akimuuma mtu. Nikasema mimi, na nikaandika na kutia sahihi mbele ya wote.

Siku kumi hizo nililala kidogo. Kila asubuhi nilipita na kuchungulia juu ya ua. Syombua alimsukumia uji uliochanganywa dawa niliyompa ya kutuliza usaha, kwa fimbo ileile. Siku ya tano uvimbe ukashuka kidogo. Siku ya nane mbwa alitikisa mkia aliponiona, na mimi nikamtikisia mkono kama mwendawazimu. Mimi na Syombua bado hatukuwa tumezungumza zaidi ya habari za mbwa.

Siku ya kumi na moja ilikuwa na baraza la chifu, kwa sababu Daktari wa Wilaya mwenyewe alikuja kuzindua chanjo ya mbwa. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na mswaki ulikuwa bado mfukoni. Nikaomba ruhusa jino ling'olewe palepale, watu waone. Mbwa alipimwa kwenye mizani ya kinu cha posho, ndani ya gunia, ili nijue kiasi cha dawa ya usingizi, na mwenye kinu akatangaza uzito wake kwa sauti kama wa mahindi. Alipolala nilivaa glavu, nikaweka kijiti kati ya taya, nikalegeza lile jino taratibu kama nilivyofundishwa hospitalini. Lilitoka na usaha wake wote. Nililiinua juu, watu wakapiga makofi, na mzee wa kijiji akasema angalau sasa ataumwa suruali na chonge tatu tu.

Ningeweza kuishia hapo, nikabaki na makofi yangu. Lakini Syombua alikuwa ameketi kando, peke yake kwenye benchi refu ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelikalia, na benchi lile lilinishinda.

"Kabla hamjaondoka," nikasema. "Mbwa wa kwanza wa mwaitu, Sajini, mimi ndiye niliyeagiza auawe. Nilimhukumu nikiwa mbali, sikumfungua mdomo. Nilipomfungua alikuwa amekufa, na nikakuta mfupa umekwama. Karatasi inayosema kichaa niliiandika mimi, na mfupa sikuutaja. Mmekataa uji wa mama huyu miaka kumi kwa sababu ya kosa langu, si lake."

Sikuthubutu kumtazama mkubwa wangu. Kisha nikasikia kiti kikisogea, na Daktari wa Wilaya akasimama na kuvua kofia. "Aliandika kwa sababu mimi nilimwambia aandike," akasema. Alitembea mpaka kwenye lile benchi, akaketi kando ya Syombua, akaona kibuyu cha uji miguuni pake. Akaomba kikombe.

"Huu ni wa mbwa," Syombua akamwambia. "Wa watu uko nyumbani."

"Basi twende nyumbani."

Baraza lilihamia huko. Chifu alikwenda, naibu wake alikwenda, askari alikwenda na bunduki yake mgongoni, na mzee wa kijiji na suruali yake iliyoshonwa. Syombua alipika sufuria mbili na vikombe havikutosha. Mimi alinipa wa mwisho. Aliponikabidhi alinishika kidevu, akanifungua mdomo pale mbele ya watu, akachungulia, akasema naonekana nimevuka umri wa kuuzwa. Nilicheka mpaka uji ukaniunguza, na machozi yakanitoka, nikasingizia uji.

Nilistaafu miaka mingi baadaye, nikiwa na koleo zilezile. Nikitazama nyuma naona nimechanja ng'ombe wasiohesabika, lakini watu wakinisimamisha njiani wananiuliza juu ya meno ya mbwa wao, nami nafurahi. Ninawaambia kilekile: mfungue ukiwa umemzoesha tangu mdogo, mara moja kwa wiki, siku ambayo hutaisahau. Anayekulinda amepewa mdomo mmoja tu wa kazi hiyo.

Syombua ametangulia mbele ya haki, na yule mbwa mweusi mwenye pengo alikufa kwa uzee akiwa amefunguliwa mnyororo. Juzi daktari mmoja kijana, aliyeletwa kituo cha Muthetheni, alinipigia simu. Alikuwa amepotea, anatafuta boma lenye ng'ombe mgonjwa, na wenyeji walikuwa wamemwelekeza ashuke mahali panapoitwa Kwa Pengo, akate kushoto. Akaniuliza kama napajua, na huyo Pengo alikuwa mzee gani.

Nikamwambia atafute kibanda cha uji cha mkaza mwana wa Syombua, chenye foleni ndefu, na akifika apange foleni, anywe kwanza. Habari za Pengo atapewa na yeyote aliye mbele yake.